Fahamu drafti ya NFL: Jinsi Detroit Lions walivyojenga upya kikosi chao

Kila mwaka inapofika mwishoni mwa Aprili, huwa tunasoma katika habari za michezo taarifa fupi kutoka Marekani: timu fulani imemchagua kijana fulani katika zamu ya kwanza, nyingine imetoa zamu mbili ili ipate moja. Na kila tukisoma, maswali yanayotufikia ni yale yale. Hiyo drafti ni kitu gani? Na kwa nini timu iliyoshika mkia ndiyo inayotangulia kuchagua?

Tuanze kwa kuondoa utata wa jina. Hatuzungumzii drafti ile ya kijiweni inayochezwa kwa vizibo vya soda. Tunazungumzia utaratibu wa kugawana wachezaji wapya katika NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, ule mchezo wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai.

Katika makala haya tunaeleza utaratibu huo unavyofanya kazi, kisha tunaufuata kwa mfano mmoja wa kweli: Detroit Lions, timu iliyokaa miaka 32 bila kushinda hata mechi moja ya mtoano.

Kwa ufupi

- NFL ina timu 32. Kila mwaka timu hizo huchagua kwa zamu wachezaji wanaotoka vyuo vikuu, katika raundi saba.
- Timu iliyofanya vibaya zaidi huchagua kwanza. Bingwa huchagua mwisho katika raundi.
- Zamu ya kuchagua ni mali. Timu inaweza kuitoa ili ipate mchezaji, au ipate zamu nyingine, hata ya mwaka ujao.
- Kujenga upya kikosi ni kupanga zamu hizo kwa miaka kadhaa, huku mashabiki wakivumilia vipigo.

Drafti ilianzaje?

Zamani mchezaji aliyemaliza chuo alikuwa huru kujiunga na timu yoyote. Matokeo yake ni rahisi kuyakisia: wazuri walikwenda kwenye timu zenye fedha na majina, na timu dhaifu ziliokota mabaki.

Mwaka 1935 Bert Bell, mmoja wa wamiliki wa Philadelphia Eagles, alipendekeza kwa wenzake njia nyingine. Timu yake ilikuwa inafungwa mno, na hakuna kijana hodari aliyetaka kujiunga nayo. Alisema wachezaji wapya wapangwe kwenye orodha moja, na timu zichague kwa zamu kuanzia ya chini kabisa. Wenzake walikubali.

Drafti ya kwanza ilifanyika Philadelphia tarehe 8 Februari 1936. Timu zilikuwa tisa, na waliochaguliwa ni wachezaji 81. Wa kwanza kabisa alikuwa Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, nyota mkubwa wa wakati ule. Berwanger hakucheza hata mechi moja ya NFL. Tangu siku ya kwanza drafti imekuwa na bahati nasibu ndani yake.

Leo, ili mchezaji achaguliwe ni lazima iwe imepita angalau miaka mitatu tangu amalize sekondari. Karibu wote huitumia miaka hiyo kucheza vyuoni. Anayechaguliwa hupewa mkataba wa miaka minne. Asiyechaguliwa na yeyote anaruhusiwa kuzungumza na timu yoyote itakayompa nafasi ya majaribio.

Kwa nini wa mwisho anatangulia?

Huku kwetu timu ikishika mkia inashuka daraja. NFL haina kushuka daraja. Timu ikifungwa mechi zote msimu huu, msimu ujao itakuwepo pale pale, na mashabiki wake watatakiwa kununua tiketi tena. Kwa hiyo ligi inahitaji dawa ya kuzuia timu dhaifu zisibaki dhaifu milele. Drafti ni mojawapo ya dawa hizo.

Dawa hiyo ina madhara yake. Timu inaweza kushawishika kufungwa kwa makusudi ili ipate zamu nzuri. Mashabiki wengine hufikia hatua ya kuiombea timu yao ipoteze mechi ya mwisho ya msimu.

Detroit Lions walikutana na mtego huo tarehe 9 Januari 2022. Ilikuwa mechi ya mwisho na walikuwa wameshinda mbili tu msimu mzima. Wangefungwa, wangepata zamu ya kwanza ya drafti ile. Wakawapiga Green Bay Packers 37 kwa 30, na zamu ya kwanza ikaenda Jacksonville. Lions wakabaki na ya pili. Tutaona mbele kama ushindi ule uliwagharimu.

Hakuna ada ya uhamisho

Hapa ndipo wapenzi wa soka wanapochanganyikiwa. Simba au Yanga wakimtaka mchezaji mwenye mkataba, wanakaa mezani na klabu yake na kulipa fedha. Katika NFL timu haimnunui mchezaji kwa timu nyingine namna hiyo. Zinabadilishana: mchezaji kwa mchezaji, mchezaji kwa zamu za drafti, au zamu kwa zamu.

Ndiyo maana zamu ina thamani hata kabla haijatumika. Ni kama hati ya shamba ambalo bado halijalimwa. Na kwa kuwa timu inaweza kutoa pia zamu za miaka ijayo, inawezekana kukopa kutoka kesho ili ushinde leo, au kuuza cha leo ili uwe na akiba ya kesho.

Mfano unaotajwa sana ni wa Oktoba 1989. Dallas Cowboys walikuwa hoi. Msimu ule walimaliza na ushindi mmoja na vipigo 15. Walikuwa na mkimbiaji mmoja maarufu, Herschel Walker. Wakamtoa kwa Minnesota Vikings, wakapata wachezaji watano na rundo la zamu za drafti. Mojawapo ya zamu hizo iliwasaidia kumpata Emmitt Smith mwaka 1990. Cowboys wakatwaa ubingwa wa misimu ya 1992, 1993 na 1995.

Zamu moja ina thamani gani?

Mwaka 1991 Cowboys hao hao, chini ya kocha Jimmy Johnson, walianza kutumia jedwali lililotengenezwa na Mike McCoy, mmoja wa wenye hisa wa timu. Jedwali linaipa kila zamu pointi:

- Zamu ya 1: pointi 3,000
- Zamu ya 2: pointi 2,600
- Zamu ya 6: pointi 1,600
- Zamu ya 12: pointi 1,200
- Zamu ya 16: pointi 1,000
- Zamu ya 32: pointi 590

Angalia jinsi pointi zinavyoporomoka. Zamu ya 16 ni theluthi moja tu ya zamu ya kwanza. Timu nyingi siku hizi zina majedwali yao mapya, na mengi yanasema jedwali la Johnson linazipa zamu za juu thamani kubwa mno. Hata hivyo lugha yake ndiyo inayotumika bado watu wanapobishana nani kapata na nani kapunjwa.

Fedha zina ukomo

Jambo la pili la kufahamu ni ukomo wa mishahara. Tangu mwaka 1994 NFL huweka kiasi cha juu ambacho kila timu inaruhusiwa kutumia kwa mishahara ya wachezaji kwa mwaka. Mwaka 2021 kilikuwa dola milioni 182.5. Mwaka 2024 kilifika dola milioni 255.4. Tajiri hawezi kuwasajili nyota wote, kwa sababu ukomo ni ule ule kwa kila timu.

Hapa mchezaji wa drafti anakuwa dhahabu. Tangu mwaka 2011 mishahara ya wapya imebanwa kwa kiwango kinachotokana na zamu waliyochaguliwa. Mwaka 2010 Sam Bradford, aliyechaguliwa wa kwanza, alipewa mkataba wa miaka sita wa dola milioni 78. Mwaka uliofuata Cam Newton, naye wa kwanza, alipata miaka minne kwa dola milioni 22.

Kwa hiyo kijana akichaguliwa vizuri anacheza kama nyota kwa miaka minne huku akilipwa mshahara wa chipukizi. Fedha inayobaki inanunua wachezaji wengine. Timu inayojenga upya kikosi inatafuta vijana wengi wa namna hiyo kwa wakati mmoja.

Detroit: miaka 32 ya kusubiri

Sasa twende Detroit, jiji la viwanda vya magari katika jimbo la Michigan. Ni jiji lililopitia shida za kweli: Julai 2013 serikali ya jiji ilikwenda mahakamani kutangaza kuwa imefilisika. Kwa wakazi wengi Lions ni timu ya ukoo, inayorithishwa kutoka kwa babu.

Lakini urithi wenyewe ulikuwa wa machozi. Ubingwa wao wa mwisho ulikuwa wa mwaka 1957. Baada ya hapo walishinda mechi moja tu ya mtoano, dhidi ya Dallas, Januari 1992. Mwaka 2008 walifungwa mechi zote 16, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa timu yoyote tangu msimu uwe na mechi 16.

Vipigo vile viliwapa zamu ya kwanza ya mwaka 2009, wakamchukua Matthew Stafford. Stafford alicheza nafasi ya kwotabeki, yule anayepokea mpira mwanzoni mwa shambulio na kuamua aurushe, amkabidhi mwenzake au akimbie nao. Ndiyo nafasi muhimu kuliko zote. Stafford alicheza Detroit misimu 12, akarusha mpira vizuri, lakini hakushinda hata mechi moja ya mtoano.

Hilo ni funzo la kwanza. Nyota mmoja, hata aliyechaguliwa wa kwanza, hawezi kuibeba timu isiyo na kikosi.

Hatua ya kwanza: kumwachia nyota aende

Januari 2021, baada ya msimu wa ushindi 5 na vipigo 11, Lions walimwajiri meneja mkuu mpya, Brad Holmes, na kocha mpya, Dan Campbell. Stafford aliomba kuondoka. Walikubali.

Los Angeles Rams walimtaka. Rams walikuwa na kikosi kilichokaribia ubingwa na walitaka kwotabeki wa kukimalizia. Walitoa hivi:

- Jared Goff, kwotabeki wao, ambaye mkataba wake mkubwa walitaka kuutua
- Zamu ya raundi ya tatu ya mwaka 2021
- Zamu ya raundi ya kwanza ya mwaka 2022
- Zamu ya raundi ya kwanza ya mwaka 2023

Rams walikuwa wanakopa kutoka kesho. Lions walikuwa wanaweka akiba. Msimu ule ule Rams wakatwaa Super Bowl, wakiwafunga Cincinnati Bengals 23 kwa 20 Februari 2022, Stafford akiwa uwanjani. Huko Detroit Goff alishinda mechi tatu tu pamoja na timu, wakatoka sare moja na kufungwa 13.

Kwa macho ya siku ile Lions walionekana kama mtu aliyeuza ng'ombe wa maziwa kwa ahadi. Hata zamu waliyopata kwa mwaka 2022 iligeuka kuwa ya 32, ya mwisho katika raundi, kwa sababu Rams walikuwa mabingwa.

Hatua ya pili: msingi kabla ya paa

Katika drafti ya 2021 Lions walikuwa na zamu ya 7. Hawakuchukua mrusha mpira wala mkimbiaji. Walimchukua Penei Sewell, kijana mzaliwa wa Samoa ya Marekani, anayecheza safu ya mbele. Kazi yake ni kumzuia adui asimfikie kwotabeki. Mashabiki wengi hawalijui jina la mchezaji wa nafasi hiyo mpaka akosee.

Raundi ya nne, zamu ya 112, walimchukua mpokeaji wa pasi aitwaye Amon-Ra St. Brown. Wapokeaji 16 walikuwa wameshachaguliwa kabla yake, na amesema mara nyingi kwamba anayakumbuka majina yote 16. Mwaka 2023 yeye na Sewell walitajwa wote katika kikosi bora cha ligi nzima.

Si kila zamu ilizaa. Levi Onwuzurike, aliyechaguliwa wa 41, alikosa msimu wote wa 2022 kwa sababu ya jeraha la mgongo. Wapangaji wazuri wanalijua hilo mapema, na ndiyo sababu wanataka zamu nyingi: mkulima hapandi mbegu moja kwenye shimo.

Hatua ya tatu: kusogea mbele, kurudi nyuma

Mwaka 2022, kwa zamu ya pili, Lions walimchukua Aidan Hutchinson, mshambuliaji wa kwotabeki aliyezaliwa na kusoma hapo hapo Michigan. Jacksonville, waliopata zamu ya kwanza, walimchagua mchezaji mwingine. Kwa hiyo ule ushindi wa Januari dhidi ya Green Bay haukuwanyima Lions mtu waliyemtaka, na wachezaji walimaliza msimu wakiwa wamezoea kushinda badala ya kuzoea kushindwa.

Usiku huo huo walifanya jambo la pili. Waliwapa Minnesota zamu ya 32, ya 34 na ya 66, wakapokea ya 12 na ya 46. Tukipiga hesabu kwa jedwali la Johnson:

- Walichotoa: 590 + 560 + 260 = pointi 1,410
- Walichopata: 1,200 + 440 = pointi 1,640

Jedwali hilo linawapa Lions faida ya pointi 230. Kwa baadhi ya majedwali mapya, yanayozithamini zaidi zamu za katikati, pengo hilo linapungua sana. Kwa zamu ya 12 walimchukua mpokeaji mwenye mbio, Jameson Williams, ingawa alikuwa bado anauguza goti.

Msimu wa 2022 ulianza vibaya: ushindi mmoja, vipigo sita. Tarehe 1 Novemba Lions wakamtoa T.J. Hockenson, mpokeaji mrefu wa karibu na safu ya mbele, waliyemchagua wa nane mwaka 2019. Alikwenda Minnesota. Lions walipata zamu ya raundi ya pili ya 2023 na ya raundi ya tatu ya 2024, wakatoa na zamu za chini kidogo. Mashabiki walisema timu imekata tamaa. Kuanzia pale Lions walishinda mechi nane kati ya kumi zilizobaki.

Wakati huo huo Rams waliporomoka, wakamaliza na vipigo 12. Na zamu yao ya kwanza ya 2023 ilikuwa mali ya Detroit. Ikawa zamu ya 6.

Je, Lions waliitumia? Hapana. Waliwapa Arizona zamu ya 6 na ya 81, wakapokea ya 12, ya 34 na ya 168. Tupige hesabu tena:

- Walichotoa: 1,600 + 185 = pointi 1,785
- Walichopata: 1,200 + 560 + takriban 24 = pointi 1,784

Biashara ya haki kabisa. Tofauti ni kwamba Lions sasa walikuwa na nafasi mbili za juu kutokana na moja. Zamu ya 12 ilimleta mkimbiaji Jahmyr Gibbs. Zamu ya 34 ilimleta Sam LaPorta, wa nafasi ile ile ya Hockenson, na kwa mshahara mdogo zaidi. LaPorta alidaka pasi 86 katika msimu wake wa kwanza. Kwa zamu nyingine walimwongeza Jack Campbell (zamu ya 18), na baadaye Brian Branch (zamu ya 45).

Wachambuzi wengi waliwacheka usiku ule. Walisema wakimbiaji hawachaguliwi juu namna hiyo.

Januari 2024: hesabu inafungwa

Msimu wa 2023 Lions walishinda mechi 12 na kufungwa 5. Walitwaa ubingwa wa kundi lao kwa mara ya kwanza tangu 1993. Mechi yao ya kwanza ya mtoano ilichezwa nyumbani, uwanja wa Ford Field, tarehe 14 Januari 2024.

Wapinzani wao walikuwa Los Angeles Rams. Kwotabeki wa wapinzani alikuwa Matthew Stafford. Kwotabeki wa Detroit alikuwa Jared Goff, yule aliyeletwa kama mzigo wa kutuliwa.

Detroit walishinda 24 kwa 23. Miaka 32 ikaisha kwa pointi moja.

Wiki iliyofuata waliwafunga Tampa Bay 31 kwa 23. Kisha wakafika hatua ya mwisho kabla ya Super Bowl, dhidi ya San Francisco 49ers. Mapumziko walikuwa wanaongoza 24 kwa 7. Wakapoteza 34 kwa 31.

Ukituuliza nani alishinda biashara ile ya 2021, tutakujibu: wote wawili. Rams walitaka kombe la haraka, wakalipata. Detroit walitaka kikosi cha miaka mingi, wakakipata. Kila mmoja alijua yuko wapi, na hilo ndilo jambo kubwa katika mpango wowote wa kujenga timu.

Mpango unapokwenda mrama

Si wote wanaobahatika. Machi 2023 Carolina Panthers walitaka zamu ya kwanza iliyokuwa ya Chicago Bears. Walitoa zamu ya 9, zamu ya 61, zamu ya raundi ya kwanza ya 2024, ya raundi ya pili ya 2025, na mpokeaji wao bora, DJ Moore. Walimchukua kwotabeki Bryce Young, lakini hawakumbakizia watu wa kumlinda na kumpokelea. Walishinda mechi mbili na kufungwa 15. Kwa kuwa walishika mkia, zamu ya 2024 waliyoigawa ikawa ya kwanza kabisa. Chicago wakaitumia kumchukua Caleb Williams.

Hao 49ers nao walitoa zamu tatu za raundi ya kwanza, na moja ya raundi ya tatu, ili wapande hadi ya tatu mwaka 2021 na kumchukua kwotabeki Trey Lance. Alianza mechi nne tu kabla ya kupelekwa Dallas kwa zamu moja ya raundi ya nne. Aliyewaokoa ni Brock Purdy, aliyechaguliwa mwaka 2022 katika zamu ya 262, ya mwisho kabisa. Purdy huyo ndiye aliyewatoa Lions Januari 2024. Kama timu yenye wataalamu na fedha inaweza kukosea juu na kupatia chini namna hiyo, basi hakuna anayejua kwa hakika kijana yupi atafanikiwa.

Na mchezaji mwenyewe?

Katika hesabu hizi zote ni rahisi kusahau kwamba zamu ni mtu. Kijana wa miaka 21 au 22 hachagui mji wa kuishi wala kocha wa kufanya naye kazi. Akichaguliwa, ni timu hiyo tu anayoweza kusaini nayo katika NFL msimu huo. Anaweza kulala mkazi wa mji mmoja na kesho yake akaambiwa apande ndege.

Wachache wamegoma. Mwaka 2004 Eli Manning alisema mapema kwamba hataki kuchezea San Diego. Wakamchagua wa kwanza hivyo hivyo, kisha wakambadilisha na New York Giants siku ile ile. Lakini Manning alikuwa mtoto wa kwotabeki maarufu. Kijana asiye na jina hawezi kujaribu hivyo.

Mafanikio nayo yanakuja na bili. Mwaka 2024 Lions walimpa St. Brown mkataba mpya wa miaka minne wa dola milioni 120, Sewell dola milioni 112, na Goff dola milioni 212, wote kwa miaka minne. Vijana wa bei nafuu wamekuwa wa bei ghali, na ukomo wa mishahara uko pale pale. Msimu wa 2024 walishinda mechi 15 kati ya 17, wakatolewa na Washington katika mechi yao ya kwanza ya mtoano. Hadi msimu huo unaisha Lions walikuwa hawajawahi kucheza Super Bowl.

Je, Waafrika wamo?

Wamo. Mwaka 2013 Lions hao hao walimchagua wa tano Ezekiel Ansah, mzaliwa wa Accra, Ghana, aliyejifunza mchezo huu akiwa tayari chuoni Marekani. Mwaka ule ule Mkenya Daniel Adongo, mchezaji wa raga, alisajiliwa na Indianapolis Colts bila kupitia drafti.

Ukisikia habari za drafti ijayo, angalia haya

1. Timu iko hatua gani? Inayojenga hukusanya zamu. Iliyo karibu na ubingwa huzitoa.
2. Imetoa zamu ya mwaka gani? Zamu ya mwaka ujao huwezi kujua itakuwa ya 6 au ya 32. Detroit walipata zote mbili kutoka timu moja.
3. Inamchukua nani kwanza? Kwotabeki bila safu ya mbele ni paa bila nguzo.
4. Mikataba ya vijana inaisha lini? Hapo ndipo utajua timu ina miaka mingapi ya kushindania kombe kabla bili hazijaanza kuingia.
5. Usihukumu usiku ule ule. Drafti ya 2021 ya Detroit ilihitaji misimu mitatu kueleweka.

Ukiwa na swali jingine kuhusu mchezo huu au mwingine wowote, tuma ujumbe wakati wa kipindi chetu cha michezo. Tutalisoma hewani na kulijibu.